Bawa la Fokka

Jumatatu, 12 Januari

Abdulswamad hana adabu. Mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, ana duka la mapazia na watoto wanaomwita baba, halafu anasimama mbele ya watu ananiambia mimi, Blandina, kwamba ndege yangu imekufa. Alivyosema ni hivi: Bibi, samahani, Fokka ilishakufa, hairuki tena, tuchague zilizo hai. Nani alimlea huyu? Hata ukienda kumpa mtu habari ya msiba unaanza na shikamoo. Yeye shikamoo alinipa asubuhi, akaona inatosha kwa siku nzima.

Leo sikukuu ya Mapinduzi. Maduka mengi yalifungwa, kwa hiyo kikao cha wapenda ndege kilikaa mchana, juu ya jengo letu. Mimi na binti yangu Angelina tunakaa ghorofa ya mwisho, ngazi chache tu unatokea juu kwenyewe. Kipindi hiki cha kaskazi ndege zikiruka zinakuja upande wetu, zinapita juu ya Kariakoo bado hazijafika mbali, unaona mpaka tumbo. Hakuna mahali pazuri zaidi Bongo nzima. Watu wanatoka Upanga kuja kuangalia. Mimi nilikuwa naangalia kabla hawajaunda chama. Naanika makopa yangu, naangalia. Chama kimenikuta pale.

Jambo lenyewe ni hili. Mzee Humoud, mwenye jengo, ameturuhusu tuchore ndege moja kwenye simtanki lake jipya. Moja. Mara moja. Amesema hataki kuona ngazi ya fundi mara mbili juu ya jengo lake. Itachorwa kubwa, marubani waione. Jumapili kila mtu atasimama ataje ndege anayoipenda na kwa nini anaipenda, halafu kura.

Sasa Abdulswamad, kwa kuwa ni mwenyekiti, ametunga kanuni. Ndege iwe imepita juu yetu hapa, na iwe na shahidi. Nikasema shahidi ni mimi. Akasema mpiga debe hawezi kuwa shahidi. Halafu akaona nimevimba, akanipoza: Bombadia nayo ina bawa juu na pangaboi mbili, nichague hiyo, si zinafanana. Ni sawa na kumwambia mjane aolewe na jirani kwa sababu marehemu naye alikuwa na masharubu.

Watu wakacheka. Mimi sikuwa nachekesha.

Wakaniuliza kwa nini naipenda Fokka. Nikasema ina nguvu. Sababu ya mtu si nguo ya kuanika juu ya jengo.

Fokka itakaa kwenye simtanki lile. Nimeshasema.

Jumanne, 13 Januari

Nimeamka na mkakati. Vitumbua.

Mchele niliuloweka jana usiku, nikausaga, nikatia iliki bila uchoyo. Mpaka saa tatu nilikuwa nimeshapita kwa wanachama wote. Kampeni yangu ni hii: unampa mtu sahani, unakaa mbele yake, unamtazama machoni mpaka amalize. Husemi kitu. Maneno mengi ni ya watu wasiojua kupika.

Nimeanza kwa Shadya, anayeuza viatu vya watoto kwa jumla. Yeye anapenda ndege ya mizigo. Sababu yake: haina madirisha, haina abiria, haina mtu wa kulalamika, inabeba inakwenda. Amesema angempata mwanamume wa namna hiyo asingeachika. Alikula vyote, akalamba vidole, akasema Bibi hapa umenimaliza. Nikajua kura hiyo yangu. Akasema Jumapili kura yake ni ya ndege ya mizigo, tena nikipika vingine nisimsahau.

Hata Abdulswamad nimempelekea. Mimi sina kinyongo, nina kumbukumbu tu. Ndege yake ni Drimulaina. Anaipenda kwa sababu madirisha yake hayana pazia wala kifuniko, unabonyeza kitufe, kioo chenyewe kinaingia giza. Mtu ameuza mapazia maisha yake yote, anapenda ndege itakayomfunga duka. Nikamwambia hivyo. Akasema ndiyo sababu yenyewe, anataka kujua kwamba duniani kuna dirisha moja ambalo hakuna mtu atakayemwuliza kama kitambaa chake kinachuja.

Akili za wanaume.

Sahani ya mwisho imechukuliwa na Theopista. Imechukuliwa yote, vitumbua na sahani yenyewe, ile ya maua niliyopewa harusini kwa mdogo wangu. Theopista ni muuguzi mstaafu, Mhehe wa Iringa, anakaa Upanga. Mimi Mngoni wa Songea. Kwa hiyo ni watani, na mtani akiingia kwako akabeba kitu huna pa kumshtaki. Mwaka jana alibeba redio yangu. Aliirudisha Pasaka, na betri mpya. Hiyo ndiyo inayoniudhi zaidi.

Jumatano, 14 Januari

Vitumbua vimeshindwa. Sasa maneno.

Nimekwenda Upanga kwa miguu, nikakatiza Mnazi Mmoja juani makusudi, nifike nikiwa na hasira za kutosha. Nia yangu ilikuwa nimtukane Theopista mpaka aache kuja kwenye kikao. Huyo ndiye wa kuogopa. Ndege yake ni Twini Ota, na sababu yake anaisema vizuri mno. Enzi zake za kazi alikuwa anapanda na madaktari kwenda vijijini, kiwanja chenyewe ni majani tu. Rubani anapita chini chini mara ya kwanza kufukuza mbuzi, anazunguka, mara ya pili ndiyo anatua. Theopista anasema ndege inayowasubiri mbuzi wapite ni ndege yenye utu. Akifika hapo watu wananyamaza. Sababu nzuri. Ndiyo maana inabidi aondoke.

Nilimkuta nje ya mlango wake na majirani. Nikaanza kabla sijakaribishwa. Nimemwambia Twini Ota yake inafanana na kinu kilichokaliwa na panzi. Nimemwambia babu yake alimkimbia babu yangu bila kugeuka nyuma, na kisogo kile ndicho alichorithi yeye. Nimemwambia aliyempa cheti cha uuguzi siku hiyo alikuwa mgonjwa.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniita mtani wangu, akaniletea kiti, akawaita majirani wa ghorofa ya juu waje wasikie, akaniomba nirudie la kinu. Nikarudia, maana lilikuwa zuri. Akanijibu kwamba Wangoni ndio waliokimbia, na mpaka leo wakisikia mlango umegongwa usiku wanauliza kwanza kama aliyeko nje ni Mhehe. Jirani yake Bi Zeina, akifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akasema siku hizi ni nadra kuona watu wazima wanaopendana namna hii.

Huu ndio ubaya wa mtani. Matusi yangu yote, na ninayo, kwake hayashiki. Ningemwambia mtu mwingine nusu ya yale, saa hizi tungekuwa kwa mjumbe. Nimerudi nyumbani na kichane cha ndizi. Sahani sijapewa.

Alhamisi, 15 Januari

Nimenunua kufuli Mtaa wa Congo. Kubwa, la kujibana lenyewe. Mkakati: mlango wa kutokea juu ukifungwa, hakuna kikao. Ufunguo ninao mimi. Kila anayetaka kupanda atakuja kwangu kugonga, aniambie kwanza Jumapili ananyoosha mkono kwa ndege gani. Hiyo ndiyo siasa.

Nikapanda kulijaribu. Nikalibana kwa upande wa huku juu nione kama linashika.

Linashika. Aliyelitengeneza anajua kazi. Ufunguo ulikuwa chini, mezani kwangu, pembeni ya simu.

Nimekaa juu tangu baada ya chai mpaka alasiri. Mimi, jogoo wangu na makopa. Nilipiga kelele, lakini Kariakoo nayo inapiga kelele, na yenyewe ina watu wengi zaidi. Mpagazi mmoja aliinua kichwa kule chini, akanipungia mkono kwa heshima, akaendelea kusukuma mkokoteni.

Kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, niliangalia ndege. Ilipita Bombadia, inanguruma kama mashine ya kukoboa. Bawa juu, sawa, pangaboi, sawa. Lakini miguu yake mirefu na myembamba, inakunjwa kwa haraka kama mtu anayeona aibu. Fokka haikuwa na aibu. Ikapita ile ya mizigo ya Shadya. Kweli haichungulii mtu, imepita kama mke aliyenuna. Halafu Drimulaina. Ncha za mabawa yake zimeinuka, kama mwanamke anayenyanyua kanga avuke maji, na kwa ukubwa wote ule haina makelele. Nilisimama mpaka ikaishia mawinguni.

Nilikuwa nanyoosha mgongo.

Aliyenitoa ni Eliasi, fundi anayechora mabango ya maduka. Alikuja kupima simtanki, akakuta mlango umebanwa, akalikata kufuli kwa msumeno kupitia upenyo. Akaniamkia, akaniuliza kulikoni. Nikamwambia nilikuwa nalinda makopa. Hakuuliza nayalinda na nani. Kijana ana malezi. Palepale nikapata mkakati mwingine, na huu ndio mkubwa kuliko yote.

Jumapili atapewa picha ya ndege iliyoshinda. Itakuwa Drimulaina, au nyingine yoyote ambayo bawa limekaa chini, madirisha juu yake. Nimemwambia asiifuate picha. Bawa aligeuze, alihamishie upande wa pili. Mengine achore kama yalivyo. Watu wakishtuka, rangi itakuwa imekauka, na Mzee Humoud hataki ngazi mara mbili. Fokka itakuwa imeingia kwa mlango wa nyuma.

Eliasi ni mtu wa kuhakikisha. Akauliza kama ni picha yoyote. Nikasema yoyote. Akauliza je, mwenyekiti akikataa. Nikasema hata akikataa. Akauliza je, Bibi mwenyewe ukija kubadilisha mawazo. Nikamwambia tangu nizaliwe sijabadilisha mawazo, na sitaanza kwa ajili ya simtanki.

Malipo ni jogoo.

Ijumaa, 16 Januari

Eliasi amekuja kumchukua jogoo. Nimemkumbusha: bawa geuza. Amesema kazi yake ni kusikia mara moja.

Jogoo ameondoka kwa shingo upande. Ndiye aliyekuwa anawika kila ndege ikipita. Kwa kweli alikuwa mwanachama kuliko wengine.

Baada ya swala Abdulswamad amepita na biriani kutoka kwao. Ameniambia Bibi usininunie, kanuni ni kanuni. Biriani nimeila. Kununa sijaacha.

Jumamosi, 17 Januari

Angelina ni fundi cherehani, na akishona huwa anaongea bila kuinua kichwa, ndiyo maana hujui anakuja na jambo zito au anaomba uzi. Leo ameniuliza kwa nini sisemi tu. Nikamwuliza niseme nini. Akasema Mama, kesho simama uwaeleze ile siku. Nikamwuliza siku ipi. Akasimamisha cherehani, akanitazama.

Anaijua. Namsimulia kila akikohoa.

Nimemwambia mimi siendi kuomba kura kwa kumtumia mtoto wangu. Akasema mtoto mwenyewe ana miaka arobaini na sita na presha, hakuna wa kumwonea haya. Nikamwambia waliokwenda kupiga soga juu ya jengo wanataka kusikia habari za injini, hawataki kusikia habari za watu. Kwani Shadya amesema kwa nini aliachika? Amesema, kweli, lakini kwa kifupi. Nikamwambia ashone.

Akashona kidogo. Kisha akasema anapeleka gauni la Theopista Upanga. Gauni lile nilidhani alishalipeleka wiki iliyopita. Amekaa huko mpaka chai yake ya jioni imepoa. Labda lilikuwa linambana, Theopista ameongezeka. Amerudi na sahani yangu ya maua.

Sikuelewa Theopista ameirudishaje bila kusumbuliwa. Pengine ameanza kuniogopa.

Jumapili, 18 Januari

Nimetoka misa ya kwanza. Padri amehubiri unyenyekevu. Naamini alikuwa anamlenga Theopista, ambaye hakuwepo.

Kikao kilijaa. Abdulswamad alifungua, akaeleza dirisha lisilo na pazia, safari hii kwa kuonyesha na mikono. Shadya akaeleza ndege yake ya mizigo. Wengine wakasema zao, kuna mmoja anapenda ndege yoyote ilimradi ina mkia mwekundu. Ikafika zamu yangu. Nikasimama nikasema Fokka, ina nguvu. Nikakaa. Abdulswamad akasema kwa upole, upole ambao sikuuomba, kwamba anasikitika, kanuni inataka shahidi.

Hapo mlango ukafunguka. Theopista huyo. Kanga amejitanda kichwani, nyingine kajifunga kiunoni, analia kwa sauti kubwa bila chozi hata moja. Mikononi amebeba kitu kimeviringishwa shuka jeupe, kidogo kama mtoto. Akapita katikati ya watu, akakilaza chini ya simtanki, akafunua. Ndege ya bati, ya kuchezea. Bawa juu.

Akasema amepata habari kwa mwenyekiti kwamba Fokka imefariki. Akasema wafiwa ni Wangoni, na watani wao hawakuambiwa, kinyume cha desturi. Yeye Mhehe amekuja kuzika. Kisha, na gauni lile aliloshonewa, akajilaza chali sakafuni, mbele ya simtanki, akasema hakuna kura wala nini mpaka marehemu azikwe inavyostahili.

Watu wakacheka, mwenyekiti akachanganyikiwa. Aliuliza kama kikao kina uwezo wa kumwinua. Shadya akamwambia aache, yeye amezaliwa na kukulia kwenye misiba, mtani akijilaza namna ile hainuliwi na mtu mpaka apewe anachotaka. Abdulswamad akamwuliza Theopista anataka nini. Theopista akasema, akiwa palepale chini na macho amefumba, kwamba hakuna maziko bila wasifu wa marehemu. Lini alizaliwa, alifanya kazi gani, ameacha nani. Familia isimame isome.

Nikasema hakuna wasifu. Akasema basi Mngoni hata ndege ya bati imemshinda kuzika. Jibu nilikuwa nalo, zuri, lilimgusa yeye, babu yake na Iringa yote. Nilikuwa nafungua mdomo.

Angelina akasimama.

Alisema lini marehemu alizaliwa familia haijui. Mwaka sabini na tisa alikuwa anafanya kazi ya kwenda Songea. Mwaka huo kulikuwa na mtoto mchanga, kifua kimembana, hospitali ya kule wakasema aletwe Dar, na kwa barabara hatafika. Paroko akaomba nafasi moja kwenye ndege. Mama yake akapanda naye, mama mwenyewe hajawahi kupanda hata ghorofa. Mtoto alikuwa hajalia tangu juzi yake. Mama alijua maana ya mtoto kutolia. Hakumwambia mtu, aliogopa watashushwa. Akakaa dirishani akamlaza magotini. Jua lilikuwa la mchana, lakini bawa la ndege ile lilikuwa juu ya dirisha, likamkinga mtoto, akawa kivulini. Ndege ikapanda. Masikio yakamwuma mtoto. Akalia.

Akalia kwa nguvu, akalia mpaka abiria wakageuka kumwangalia mama vibaya. Mama akawa anacheka. Wote wakajua ana wazimu. Mtoto alilia mpaka wakayaona mabati ya Kariakoo, na mama alicheka mpaka hapo.

Angelina akasema marehemu ameacha mtoto mmoja. Ni yeye.

Akakaa.

Ikapita ndege juu yetu. Hakuna aliyeinua kichwa. Kwa chama kile ni mara ya kwanza.

Mimi nilikuwa nageuza makopa. Yanataka kugeuzwa mara kwa mara.

Theopista, bado chini, akasema shahidi ndiye huyo. Abdulswamad alikuwa amejifuta uso kwa sampuli ya pazia. Akasema kanuni inataka ndege iwe imepita hapa juu, imepita, na iwe na shahidi asiye mpiga debe. Shahidi huyu hakupiga debe, alipiga kelele tu. Akaita kura. Fokka. Mikono yote, pamoja na wake, pamoja na wa yule wa mkia mwekundu. Theopista alinyoosha wa kwake kutoka sakafuni.

Nimeshinda.

Nimefikiri jioni yote imekuwaje, na sasa naelewa. Ni vitumbua. Kitumbua kizuri hakifanyi kazi siku hiyohiyo, kinakaa siku kadhaa ndiyo kinampanda mtu kichwani. Na matusi ya Jumatano yalimlainisha Theopista, ila ni mzito wa kuelewa. Angelina nimemkanya asirudie kusimama wakati mimi nataka kujibu. Amesema sawa Mama. Alikuwa anacheka.

Theopista hakuinuka mpaka alipopewa kiti changu cha kule juu. Ameondoka nacho Upanga kichwani.

Jumanne, 20 Januari

Eliasi alimaliza mchana. Tulipanda wote, hata Mzee Humoud, aliyekuja kuhakikisha ngazi inashuka. Eliasi akavuta turubai.

Fokka. Pua yake hasa. Madirisha makubwa ya mviringo, pangaboi mbili, rangi nzuri inang'aa. Na bawa lake refu, limechorwa kwa ustadi mkubwa, limepita chini ya tumbo.

Abdulswamad akamwomba Eliasi picha aliyompa. Eliasi akaitoa mfukoni. Kwenye picha bawa liko juu. Akamwuliza sasa hili limefikaje chini. Eliasi akajibu bila wasiwasi wowote, mbele ya watu wote, kwamba Bibi Blandina alimwagiza Alhamisi: picha yoyote atakayopewa, bawa aligeuze, hata mwenyekiti akikataa, hata Bibi mwenyewe akibadilisha mawazo. Na kwamba alilipwa jogoo, na jogoo ameshaliwa, kwa hiyo hawezi kurudisha.

Wote wakanigeukia. Mimi nikaangalia juu, kama kuna ndege inayokuja. Hakukuwa na ndege. Siku unayoihitaji haipiti.

Theopista alicheka mpaka akajilaza tena chini, safari hii bila msiba. Mzee Humoud akasema imependeza, na ngazi ikishuka haipandi tena. Akaondoka nayo mwenyewe.

Kosa ni la Eliasi. Mtu mwenye akili zake anajua bawa la kugeuzwa ni la ndege za wenzangu. Na kosa ni la Abdulswamad, nani alimwambia ampe fundi picha sahihi? Na Theopista naye. Angelina ameniambia tuache tu, Mama, inatosha, watu wote wanajua ni Fokka. Haitoshi. Bawa likiwa chini ya dirisha halimkingi mtu. Hivi ilivyochorwa sasa, mtoto yuko juani.

Nimeshanunua kufuli jingine. Kubwa kuliko la kwanza.

Angelina, najua unayasoma haya nikilala. Kesho alfajiri nenda kwa Eliasi kabla Mzee Humoud hajaamka. Mpelekee tetea wangu, jogoo ameshaliwa. Azime ngazi kokote, apande, na mlango nitaubana mwenyewe asiingiliwe na mtu. Usimweleze sababu, maelezo ndiyo yaliyotuharibia. Mwambie neno moja tu, bawa ageuze, na asimsikilize mtu yeyote, hata mimi.